Kutunza insulini nyumbani kusiko na jokofu

Ndugu yangu wa Urambo, umeeleza kwamba mama ameandikiwa insulini, dawa ya kisukari ya kudungwa sindano, baada ya vidonge vya metformini kutomtosha tena, kwamba nyumbani hamna jokofu, na kwamba majirani wanamwambia sindano hiyo ni dalili ya kukaribia kifo. Hilo la majirani si kweli: katika kisukari cha aina ya 2 kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, huchoka kadiri miaka inavyokwenda, na insulini hujazia tu kile ambacho mwili hautengenezi tena vya kutosha.

Kuhusu joto la Tabora, hasa Septemba na Oktoba, chupa ambazo hazijafunguliwa zinahitaji nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ombeni kituo cha afya kimtunzie akiba, naye achukue chupa moja moja. Chupa inayotumika hukaa takribani wiki 4 pasipo jokofu, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kulingana na maelezo ya kwenye boksi. Iwekeni katika kopo lisiloingiza maji, kisha kopo hilo ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kivulini, penye upepo. Insulini iliyoganda haifai, hata ikiyeyuka.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni insulini kushusha sukari ya damu kupita kiasi. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho au kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, mpeni mara moja vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji; akipoteza fahamu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Metformini nayo mara nyingi huendelea kutumika pamoja na insulini, basi asiiache kabla ya kumuuliza daktari.