Modi rahisi kwenye gemu ngumu: iwekwe, ila isiwe swichi moja

Mkuu, umeuliza kama gemu za aina ya Sekiro (2019), zisizo na chaguo la ugumu, ziwekewe modi rahisi au kufanya hivyo ni kuziharibu. Ziwekewe. Ila neno "rahisi" linachanganya watu, kwa sababu kinachomkwamisha huyu sicho kinachomkwamisha yule. Mmoja vidole vyake vinachelewa, mwingine haoni pigo linapoanza, mwingine amechoka kurudia njia ndefu.

Watengenezaji wengi hukimbilia kupunguza madhara ya mapigo bila kupiga hesabu. Tuseme una uhai 100 na pigo la bosi (adui mkubwa) linakula 35: la tatu linakuua. Likipunguzwa kwa asilimia 30 linakuwa 24.5, unakufa kwa la tano. Likipunguzwa kwa asilimia 40 linakuwa 21, na bado ni la tano. Hesabu mapigo, achana na asilimia.

Kasi ndiyo yenye faida kubwa kuliko vyote. Celeste (2018) inakuruhusu kushusha kasi ya gemu nzima hadi asilimia 50, kumi kumi. Nafasi ya kujibu pigo ya milisekunde 200 inakuwa 400, lakini mfuatano wa hatua haubadiliki, kwa hiyo ulichojifunza kinakufaa ukirudi kasi kamili. Kwa anayetengeneza gemu yake kwa Unity (programu ya kutengenezea gemu): ukishusha timeScale (kasi ya muda wa gemu), shusha na fixedDeltaTime (muda kati ya hesabu moja ya mwendo wa vitu na nyingine) kwa kiwango hicho hicho, la sivyo vitu vitakwenda kwa kurukaruka. Menyu nazo ziendeshwe kwa unscaledDeltaTime (muda halisi usioguswa na timeScale), zisije zikaburuta.

Hades (2020) ina njia ninayoipenda sana. Ukiiwasha, madhara yanapungua kwa asilimia 20, kisha asilimia 2 zaidi kila ukifa, hadi 80. Ni vifo 30 kufika kileleni, na mchezaji halazimiki kujipima uwezo kabla hajaanza.

Halafu sehemu za kusevu, ambazo watu hawazihesabu kama ugumu. Kumrudia bosi kukichukua sekunde 90, majaribio 20 ni nusu saa ya kutembea tu. Kwa anayelipia muda kwenye kibanda cha gemu pale Manzese, hiyo ni hela yake inayeyuka, na umeme ukikatika anaanza upya. Sehemu ya kusevu ikae mlangoni kwa bosi.

Mechi za mtandaoni ni habari nyingine, huko wote sheria moja.

Na kabla hujashusha chochote, kagua TV. Modi ya gemu ikiwa imezimwa, picha inaweza kuchelewa zaidi ya milisekunde 100, maana yake nusu ya ile nafasi ya 200 imeshaliwa kabla hujaona kitu. Ingia mipangilio ya picha uiwashe. Kisha shika pedi bila kugusa kijiti: mhusika akitembea mwenyewe, badilisha pedi kwanza.