Maswali na majibu: lenzi ya kupigia picha ndani ya gari

Nauza magari ya mitumba Mombasa. Nina Canon ya DSLR, sensa ya APS-C, na lenzi ya 18-55. Hata nikijibana siti ya nyuma, dashibodi ya Vitz haiingii yote. Ninunue nini?

Sensa hiyo ni ndogo kuliko ya fremu nzima, kwa hiyo zidisha kwa 1.6: 18 yako ni sawa na milimita 29 za fremu nzima, na ndani ya Vitz hiyo haitoshi. Tafuta EF-S 10-18mm f/4.5-5.6. Kwenye 10 utapata sawa na 16, yaani pembe ya nyuzi 107 badala ya 74 hivi, na inafokasi hadi sentimita 22. Wenye Nikon ya APS-C waangalie AF-P DX 10-20mm, ila wahakikishe kwanza kamera inaikubali. Baadhi ya za zamani hazifokasi na lenzi za aina ya AF-P.

Usiongeze pesa kwa ajili ya f/2.8, yaani lenzi yenye tundu kubwa la mwanga. Gari limesimama na kamera iko kwenye tripodi. Utapiga kwa f/8 (tundu dogo), ISO 100 (usikivu wa sensa kwa mwanga), hata shata ikikaa wazi nusu sekunde. Kwa 10mm na f/8, ukifokasi umbali wa sentimita 70, vitu vyote kuanzia sentimita 35 hivi vitaonekana vizuri. Ukibana hadi f/16 au zaidi, picha inaanza kulegea, yaani kupoteza ukali.

Ukinunua iliyotumika, mulika tochi ndani ya vioo. Unyevu wa pwani huotesha ukungu unaofanana na utando wa buibui.

Ninayo 10-18, lakini usukani unatoka kama yai. Lenzi ni mbovu?

Nzima kabisa. Lenzi pana huvuta chochote kilicho pembeni mwa fremu, na duara ndilo linaloumbuka kwanza. Rudisha kamera nyuma, katikati ya siti mbili za mbele, usawa wa vichwa vya siti, kisha zumu hadi 13 au 14. Usiiinamishe: nguzo za milango zitaegemeana. Afadhali kipande cha mlango kikatike kuliko mnunuzi kudhani gari limepinda. Fishai, lenzi inayopinda mistari, ndiyo kabisa usiiguse kwa kazi hii.

Dashibodi ikionekana, madirisha yanakuwa meupe. Nikiwasha flashi, inang'aa kwenye vioo.

Zima flashi. Sogeza gari kwenye kivuli cha jengo. Chini ya mti siti nyeupe zitapata ukijani. Piga tatu bila kugusa tripodi, kwa mwanga wa -2 (pungufu), 0 (kawaida) na +2 (zaidi), uziunganishe kwenye kompyuta. Vaa nguo nyeusi, maana shati jeupe hujionyesha kwenye plastiki inayong'aa.

Kichujio cha polaraiza hupunguza mng'ao huo, ila kizungushe taratibu ukiangalia skrini ya redio: kwa pembe fulani inaonekana kama imezimika kabisa.

Geji zipige peke yake. Ukifungua swichi tu, taa za onyo zinawaka zote na mnunuzi anaogopa. Ukiwasha injini zinazimika, lakini gari linatetemeka. Hapo panda hadi shata ya 1/60 ya sekunde na uongeze ISO. Usiende kasi sana, taa za LED zitaacha mistari.

Simu yenye lenzi pana ya 0.5 haitoshi?

Kwa tangazo la haraka, inatosha. Kwenye simu nyingi hiyo ni sawa na 13mm hivi za fremu nzima, na kingo zake hulegea, hasa jioni. Mara nyingi 1x ukiwa nje ya mlango uliofunguliwa inatoa picha safi zaidi.

Na 50mm f/1.8 ina kazi gani humu?

Gia, mshono wa ngozi, vitufe vya AC. EF 50mm f/1.8 STM ya Canon hufokasi kuanzia sentimita 35, kwa hiyo simama nje, mlango wazi. Piga kwa f/5.6. Kwa f/1.8 utapata uzi mmoja wa mshono, siti yote ukungu.