Usichukue imeji ya hiyo mashine kabla hujasoma hapa

Mkuu simama hapohapo. Umesema umeshaandaa kompyuta moja ya Linux imekaa unavyotaka, sasa unataka kuichukulia imeji, yaani nakala kamili ya diski, kwa dd (amri ya kunakili diski) uimwage kwenye nyingine 20, na unauliza distro (toleo la Linux) ipi nyepesi. Hiyo imeji iache kwanza.

Mimi nilifanya hivyohivyo kwenye seva 24 za Ubuntu. Kuna jamaa kwenye video alisema andaa moja, nakili zilizobaki, saa moja umemaliza. Hakugusia kabisa faili la /etc/machine-id na hilo ndilo lililonimaliza. Lina herufi na tarakimu 32 za kuitambulisha mashine, ukinakili diski zinakwenda nazo. Sasa Ubuntu Server ikiomba IP (anwani ya mtandao) kwa DHCP, huduma inayogawa hizo anwani, haijitaji kwa MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao, inatumia kitambulisho kinachotokana na hizo 32, kwa hiyo zote zikaonekana mashine moja zikawa zinapewa IP ileile. Naangalia MAC ziko tofauti, siku mbili nzima nahangaika na swichi, nachomoa nyaya nachomeka, kumbe swichi haina kosa lolote.

Hapo bado. Funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) nazo zilezile, hostname, yaani jina la mashine, ileile. Kwa kawaida ukikuta mashine nyingine kwenye IP uliyoizoea SSH inakupigia kelele kwamba ufunguo umebadilika, kwangu ikakaa kimya maana kote ufunguo ni mmoja. Nikaingia nikijua niko kwenye mashine mpya, nikafanya umount (kuitoa) ya partisheni ya data, nikapiga mkfs, amri inayofomati na kufuta vilivyomo, kumbe niko kwenye ile ambayo mwenzangu alishaweka kazi zake. Zikaenda zote na bekapu hakuwa nayo. Yule jamaa wa video mpaka leo nina hasira naye, unafundishaje watu nusu ya kazi halafu unawaambia wamemaliza?

Kwa hiyo mimi nashika moja tu: nakili maelekezo, usinakili mashine. Kuna faili la maelekezo linalosakinisha mfumo bila wewe kukaa hapo: Debian ina preseed, Fedora ina kickstart, Ubuntu Server kuanzia 20.04 ina autoinstall. Kila mashine inajisakinisha na kupata utambulisho wake, halafu Ansible, programu ya kusimamia mashine nyingi kwa pamoja, inaweka programu na mipangilio yako. Ukikosea unarekebisha faili moja unarudia kuendesha.

Kama ni lazima imeji, piga truncate -s 0 /etc/machine-id, faili lisifutwe, libaki tupu. Futa /etc/ssh/ssh_host_* kisha zima na uchukue imeji bila kuiwasha tena, maana ikiwaka tu inajiandikia namba nyingine na unarudi palepale. Uwe umeshapanga ssh-keygen -A, amri ya kutengeneza funguo mpya, ijiendeshe mashine ikiwaka mara ya kwanza, bila hivyo SSH inaweza isinyanyuke na utazunguka na skrini na kibodi mashine moja moja. Hostname nayo ubadilishe.

Ukishamaliza washa mbili tu, piga cat /etc/machine-id kwenye zote mbili, linganisha. Zikifanana usiwashe ya tatu.