Mfarishi wa viraka: lipi la kufumua, lipi la kuacha

Mhariri, assalaam aleykum. Swali lenu la wiki hii limeuliza: "Anayeshona kwa mkono wake asahihishe kazi mpaka isibaki kasoro, au pana mahali pa kuachia?" Swali hilo naulizwa karibu kila alasiri na mabinti wanaokuja kwangu hapa Wete kujifunza kushona mifarishi ya viraka vya kanga, kwa hiyo nimeona nijibu kwa urefu. Ninavyoamini mimi, ukali wote uweke kwenye kukata na kwenye mishono inayobeba mishono mingine. Kwengine kote, mlegeze mkono.

Natanguliza hesabu. Mfarishi wa viraka hushonwa kwa akiba, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mshono, ya robo inchi, milimita sita na kidogo. Chukua safu ya viraka 12. Ina mishono 11, na kila mshono unakula kitambaa pande mbili. Ukizidisha milimita moja tu kila upande, safu nzima imepungua milimita 22. Safu ya chini yake, uliyoishona siku nyengine umetulia, haikupungua kitu. Sasa zikutanishe hizo mbili! Utavuta, utabana pini, utarusha maji na pasi, na pembe za viraka hazitakutana ng'o. Milimita moja machoni si chochote, lakini mfarishi hauisahau.

Ndiyo maana simwachii mtu akae kwenye cherehani kabla hajaipima. Usiamini kwamba ukingo wa mguu wa cherehani ndio robo inchi. Mashine nyingi haziko hivyo. Kata vipande vitatu vyembamba vya upana wa inchi moja na nusu, vishone ubavu kwa ubavu, vipige pasi, kisha pima cha katikati. Kikitoka inchi moja kamili, mkono wako uko sawa. Kikiwa pungufu, sogeza kitambaa upana wa uzi mmoja, ujaribu tena. Ukishapata pahala pake, bandika selotepu juu ya bati la cherehani, iwe ndiyo mpaka wako. Kazi ya robo saa, na inakuokoa kufumua usiku kucha.

Kanga nayo ina mambo yake. Mpya ina ugumu wa dukani, na ukiifua hurudi. Basi ifue kabla ya kukata, nyekundu na nyeusi peke yake mpaka maji yatoke meupe. Tena si ajabu ukakuta chapa imepigwa upande: mstari wa pindo haufuatani na uzi wa kitambaa. Hapo mabinti hukwama. Wakate kwa kufuata uzi, au kwa kufuata chapa? Viraka vya mji wa kanga nakata kwa uzi, kwa sababu kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika mkononi, na umraba ulioukata asubuhi jioni si umraba tena. Pindo lenye mistari, nikitaka likae ukingoni, nakata kwa chapa. Jicho litafuata mstari tu, hata uzi uwe umenyooka vipi. Chapa kwenda upande ni kosa la kiwandani, na ukilihangaikia utamaliza doti nzima hujapata kiraka.

Tukija kwenye kufumua. Binti mmoja, hodari kweli, alikuwa akifumua kila mshono uliokwenda upande hata kidogo. Siku moja akaniletea viraka viwili, ukingo umekuwa nyuzinyuzi, matundu ya sindano yamejipanga kama chujio.

"Mama, nifumue tena?"

"Mwanangu, utashika wapi? Akiba yote umeshaila."

Pamba ya kanga si nzito. Ukiifumua mara mbili pahala pamoja, ukingo umechoka, na mshono utakaoupata hapo ni dhaifu kuliko ule wa mwanzo uliokuwa umepinda. Kwa hiyo kabla ya kushika wembe, jiulize mambo mawili: mshono huu utaachia ukifuliwa? Kosa hili litahamia kwenye safu inayofuata? Ikiwa ndiyo, fumua bila huruma, na fumua leo leo. Ikiwa siyo, ni pembe mbili tu zimepishana kwa upana wa uzi, endelea. Mara nyengine hata kufumua hakuhitajiki: kiraka kilichozidi kidogo kiweke chini, upande wa meno ya cherehani, na meno yenyewe yatakivuta taratibu mpaka kilingane.

Lakini sikubaliani hata kidogo na wale wanaoshona ovyo kisha wakasema mkamilifu ni Mungu peke yake. Ni kweli ni Mungu peke yake, na neno hilo tusilifanye pazia la kufichia uvivu. Nimekulia kwenye nyumba ya washona kofia. Viua vya kofia ya mkono, ukivichungua karibu, havilingani vyote, na hakuna aliyewahi kuirudisha kofia kwa hilo. Ila duara la juu lisipolingana na ukanda wa pembeni, kofia hujikunja, haivaliki. Wale kina mama walijua wapi pana ruhusa na wapi hapana.

Vivyo hivyo wanawake wa Gee's Bend, Alabama, huko Marekani, walioshona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, na mwaka 2006 zikatiwa kwenye stempu za nchi hiyo. Mistari yao mingi imepinda, nami naipenda hivyo hivyo, maana waliipinda kwa kutaka, wakijua wanachokifanya. Mfano huo usiutumie kutetea safu iliyopungua sentimita mbili bila wewe kujua.

La mwisho ni mishono ya juu, ile inayoshika tabaka zote tatu: viraka vya juu, kinachotiwa katikati, na kitambaa cha chini. Wanaotia sufi katikati wajue kwamba sufi huhama ikiachiwa nafasi. Baada ya kufuliwa mara chache utakuta mabonge pembeni na katikati patupu. Hapo nadai mistari ikaribiane, isipite upana wa kiganja kati ya mmoja na mwengine, na ncha za uzi zifungwe vizuri. Mstari wenyewe ukienda mawimbi, wala siugusi. Ukitia shuka kuukuu badala ya sufi, kama tunavyofanya wengi hapa kwa sababu ya joto, unaweza kuachanisha mistari zaidi, mradi tabaka umezipiga bandi kwanza, yaani umezishikiza kwa mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kwenda pembeni.