Mkao Kwanza, Hatamu Baadaye: Kwa Mnaoanza Kupanda Farasi Ukubwani

Kilichoniangusha ni ndege wawili, kwarara. Walikuwa nyuma ya ua kule Karen, Nairobi, na walipoinuka na makelele yao farasi aliruka kando hatua moja. Hatua moja tu, nami nikajikuta nimekaa mchangani. Wakati huo nilikuwa nimepanda kila Jumamosi kwa karibu miaka miwili, na nilijihesabu miongoni mwa wanaojua. Farasi kushtuka ni kawaida yake, ndivyo alivyoumbwa. Kilichonikosesha usingizi usiku ule ni kwamba kitu kidogo vile kilitosha kuning'oa.

Nilikuwa nabana kwa magoti. Mahali pa kwanza nilipojifunzia niliambiwa hivyo: bana magoti, hutaanguka. Nanyi huenda mtaambiwa, tena kwa nia njema. Lakini goti likibana, paja haliwezi kushuka, kisigino kinapanda, na goti lenyewe linakuwa bawaba ambayo mwili wa juu hukunjikia kila farasi anaposita. Chukua kipande cha sabuni iliyolowa, ukiminye kiganjani. Kadiri unavyominya ndivyo kinavyochomoka. Makalio yako juu ya tandiko ni sabuni ile.

Hapa Nairobi kuna jambo jingine la kujua. Farasi wengi tunaojifunzia ni wastaafu wa mbio, waliokimbia katika uwanja wa Ngong Road kisha wakafundishwa upya. Ni wanyama wazuri, wepesi kusikia, lakini wamezoea kwamba mpandaji akizikaza hatamu, kasi inaongezeka. Mgeni anaogopa, anabana na kuvuta. Farasi anaelewa kwamba aongeze mwendo. Mgeni anazidi kubana. Nimeona watu wakimwita farasi mkaidi, kumbe anatii kila analoambiwa. Saisi mmoja mzee, mtunzaji wa farasi, aliniambia siku moja, akiwa ameshika lijamu na kunitazama kwa upole: "Mama, huyu hajakataa. Mguu wako unamwambia nenda, mkono unamwambia simama. Afuate upi?"

Basi nikaanza upya, na nawashauri ninyi muanzie pale nilipoishia. Ombeni masomo ya kamba. Mwalimu husimama katikati, ameshika kamba ndefu, na farasi humzunguka katika duara la kama mita 20 kutoka upande hadi upande. Kumwongoza na kumpunguza mwendo ni kazi ya mwalimu. Wewe hatamu zimefungwa shingoni mwa farasi, miguu imetoka kwenye vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, na kazi yako ni moja: kukaa. Wenzetu wengi wazima hukataa, wakidhani kamba ni ya watoto. Katika Shule ya Upandaji ya Kihispania kule Vienna, mojawapo ya shule za kale kuliko zote duniani, wanafunzi wapya huwekwa kwenye kamba bila vikuku wala hatamu kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa farasi wamwongoze wenyewe. Kama wao wanaliona la lazima, mimi na wewe tunaliepuka kwa lipi?

Somo langu la kwanza la aina hiyo lilichukua dakika 25, na sikuhitaji zaidi. Mapaja yalikuwa yakitetemeka. Mwalimu aliniambia nifumbe macho, farasi akiwa anatembea tu, nitaje mguu wa nyuma unaoinuka: kushoto, kulia, kushoto. Mwanzoni nilibahatisha. Baada ya mizunguko mitatu hivi nikaanza kuhisi. Mguu wa nyuma wa kushoto unapokwenda mbele, nyonga ya farasi upande huo hushuka, na mfupa wa kalio langu la kushoto ukashuka nao, halafu wa kulia, kama mtu anayetembea akiwa ameketi. Nilikuwa nimepanda miaka miwili na sikuwahi kuusikia mgongo wa farasi. Machozi yalinitoka, nasema kweli.

Mwendo wa matiti, yaani zile mbio ndogo za farasi baada ya kutembea, ndio unaowashinda wengi. Katika mwendo huo farasi hukanyaga kwa jozi za mshazari, mbele kushoto pamoja na nyuma kulia, kisha jozi nyingine, na katikati kuna kitambo ambapo kwato zote nne ziko hewani. Hapo ndipo unaporushwa. Dawa yake inakaa kiunoni na kwenye pumzi. Hesabu kwa sauti au imba, wimbo wowote unaoujua, maana anayeimba hawezi kuzuia pumzi, na anayezuia pumzi mgongo wake unakuwa mgumu kama mchi. Ukihisi umeanza kurukaruka, rudini kwenye kutembea mara moja. Dakika mbili za mwendo wa matiti uliotulia zina faida kuliko kumi za kugongana, na usisahau kwamba unapogongana mgongo unaoumia si wako peke yako.

Sisi watu wazima tunakuja na nyonga zilizofungwa. Mtu anayekaa ofisini kwa muda wa saa nane, halafu kwenye matatu kwa saa moja na nusu, misuli ya mbele ya nyonga imefupika, na ukimpandisha farasi anaketi kama kitini, magoti juu, miguu mbele. Mwalimu anapiga kelele "visigino chini!" naye anajitahidi kusukuma visigino huku tatizo liko juu huko kwenye paja. Kila jioni mimi hupiga goti moja chini, mguu mwingine mbele, nasukuma nyonga mbele taratibu kwa dakika mbili kila upande. Hakuna kifaa nilichonunua kilichonisaidia kuliko hicho. Alama ya kujipima ni rahisi: sikio, bega, nyonga na kisigino vikae mstari mmoja. Mwombe mtu akupige picha ubavuni. Picha ya kwanza itauma.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Kofia ngumu inayokaa sawasawa kichwani, na ikishagonga chini kwa nguvu iache hata kama haina ufa. Viatu vyenye kisigino, mguu usipenye kwenye kikuku. Mkanda wa shingoni kwa farasi, uwe na cha kushika kisichoumiza mdomo wake.

Mnapopiga simu kuulizia masomo, msianze na bei ya kwenda matembezi msituni. Ulizeni kama wana farasi aliyefundishwa kazi ya kamba na mwalimu aliyezoea watu wazima, kama atabadilisha upande mara kwa mara, kwa sababu duara linachosha viungo vya farasi pia, na kama mnaweza kulipia nusu saa badala ya saa nzima. Na mkifika, fikeni mapema dakika ishirini, mkamsaidie saisi kupiga brashi na kukaza mkanda wa tandiko. Muulizeni leo farasi ameamkaje. Yeye ndiye aliyemtoa zizini asubuhi.