Jibu: Mfereji wetu Marangu unakauka Januari, ni theluji ya Kibo (kilele cha Kilimanjaro) inaisha?

Habari mkuu. Umesema mfereji wa ukoo hukauka kila Januari, migomba inanyauka, na wazee wanasema ni theluji inayoisha. Barafu imepungua kweli, zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, lakini maji mengi ya mifereji yetu yanatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, si barafu. Kwa hiyo anza na mfereji wenyewe.

Panda kutoka shambani hadi kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni kuingia mfereji, alfajiri kabla watu hawajafungulia maji. Kwetu Uru, hapa hapa Kilimanjaro, tulifuata magimbi: palipokuwa na magimbi mabichi mno chini ya ukingo, tulichimba tukakuta mashimo ya fuko, maji yakichuruzika humo. Tuliyaziba kwa udongo wa mfinyanzi na mawe, na siku ya tatu maji yalifika kihamba (shamba la nyumbani) cha mwisho. Nilifurahi mno.

Halafu angalia chanzo. Kuna mikaratusi? Hunyonya maji mengi, iondoeni kwa idhini ya kijiji, mpande mikuyu na mringaringa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo, itumieni.

Maji ya usiku msiyaache yapotee. Chimbeni bwawa dogo, kama ndiva za Wapare, mfungulie asubuhi kwa zamu.

Haya nayasema kwa uzoefu wa Uru tu. Rombo ni kukavu zaidi, huko sijafanya kazi. Banio lenu ni la mawe au la saruji?