Maswali Yenu: Ofisi Nyingi Chini ya Paa Moja

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: halmashauri kukusanya maktaba, uandikishaji wa vizazi na vifo, leseni, malipo na ustawi wa jamii kwenye jengo moja. Wazo lenyewe si geni. Jimbo la São Paulo nchini Brazili lilifungua vituo vyake vya Poupatempo kuanzia mwaka 1997, na Kenya ikazindua vituo vya Huduma mwaka 2013. Sisi tunaliunga mkono, ila kwa sharti kwamba kinachounganishwa ni kazi, si kuta tu.

Madiwani tumeletewa mchoro wa jengo litakalochukua ofisi nne. Tunatakiwa kuupigia kura. Tuangalie nini? – Diwani

Mheshimiwa diwani, kabla ya mchoro ulizeni hesabu ya watu. Kama haipo, mchoro umekisiwa, na dirisha likishajengwa kulihamisha ni gharama.

Wahesabiwe wanaofika katika ofisi hizo nne kwa mwezi mzima, kwa sababu mwisho wa mwezi na siku ya kwanza baada ya sikukuu hazifanani na siku nyingine. Karatasi ya mlangoni iwe na safu tano: saa aliyoingia, alichofuata, saa aliyotoka, kama alirudishwa na kwa nini, na ofisi nyingine aliyoelekezwa. Safu ya nne isomeni kwa makini. Mtu aliyerudishwa kwa kukosa nakala moja ya cheti atapanga foleni mara mbili kwa shida moja. Huyo hahitaji dirisha jipya. Anahitaji mashine ya kunakili mlangoni na mtu wa kumwambia mapema.

Kisha chukueni saa yenye msongamano kuliko zote. Wastani wa siku utawadanganya. Tuseme saa nne asubuhi wanaingia watu 30, na kila mmoja huhudumiwa kwa dakika 6. Hizo ni dakika 180 za kazi ndani ya saa moja, yaani kazi ya maofisa 3 wasioinua kichwa. Ukiweka madirisha 3 hasa, akitokea mmoja mwenye shauri la dakika 20, muda uliopotea haufidiki tena, na foleni itarefuka mpaka watu wapungue mchana. Wekeni 4. Kila ofisa atashughulika robo tatu ya muda wake, na robo inayobaki ndiyo inayobeba mashauri magumu. Mtu wa fedha atakuja kusema robo hiyo ni uvivu unaolipwa. Mwonyesheni hesabu hii.

Tulihamia miezi sita iliyopita. Mwananchi anapanga foleni kwangu, anakwenda dirisha la leseni, anatumwa la malipo, kisha anarudi la leseni kuchukua karatasi yake. Hasira zote zinaishia kwangu. Tumekosea wapi? – Karani wa mapokezi

Ndugu karani, pole. Kosa si lako. Kila idara ilibeba dirisha lake na taratibu zake zilezile, ikaziweka mita chache kutoka kwa jirani. Umbali umepungua, mizunguko imebaki.

Anzeni mezani kwako. Mtu asipewe namba ya foleni kabla hujamuuliza mambo mawili: amefuata nini, na amekuja na karatasi gani. Mwombe akuonyeshe, usikubali kuambiwa tu "ninazo zote". Uwe na kadi moja kwa kila huduma, imeorodhesha vinavyotakiwa, na upande wa nyuma nafasi ya kuandika kinachokosekana. Kwa kila kadi pitisha kidole mstari kwa mstari ukilinganisha na karatasi alizoshika. Inachukua dakika moja hivi, na inamwokoa mtu aliyesubiri saa nzima asije akaambiwa dirishani kwamba picha yake haina mhuri.

Namba zenyewe ziwe za aina mbili. A ni kwa shughuli fupi, kama kuchukua cheti kilichokwisha kuandaliwa. B ni kwa mashauri marefu, na hayo yaende vyumba vya nyuma, ikiwezekana kwa miadi. Madirisha yote ya A yahudumie foleni moja. Foleni ikiwa ya kila dirisha, mtu mmoja mwenye tatizo zito huwafungia njia wote walio nyuma yake, huku dirisha la pili likiwa tupu.

Malipo ndiyo fundo gumu. Ofisa wa leseni apewe uwezo wa kutoa namba ya malipo na stakabadhi papo hapo. Mweka hazina atahofia wizi, na hofu yake ni ya haki. Inajibiwa hivi: kila ofisa aingie kwenye mfumo kwa jina lake na neno lake la siri, stakabadhi ziwe na namba zinazofuatana, na jioni hesabu zilinganishwe na mtu ambaye hakutoa hata stakabadhi moja siku hiyo.

Mwisho, muulize mkuu wako: ofisa wa dirisha la 2 akiugua kesho, nani ana mamlaka ya kumweka mwingine? Jibu likiwa "idara yake italeta mtu", basi mngali ofisi nne. Mkuu wa kituo awe ndiye anayepanga zamu na likizo za wote wa mbele, na angalau maofisa wawili wajue kila huduma ya A.

Nafanya kazi ustawi wa jamii. Mama aliyepigwa nyumbani sasa anasubiri katikati ya watoto wa maktaba na watu wa leseni, na tukizungumza chumbani sauti inasikika nje. – Afisa ustawi

Sauti hiyo huenda inapita juu. Panda ngazi, fungua kipande kimoja cha dari, utazame: mara nyingi ukuta wa kugawa vyumba huishia kwenye dari, na juu yake pako wazi jengo zima. Ukuta upandishwe mpaka kwenye zege au paa, nyufa zizibwe, na mlango uwe mzito wenye mpira chini. Kuongeza unene wa ukuta bila kuziba juu ni kutupa fedha.

Ukumbini waiteni watu kwa namba tu. Kutaja jina pamoja na neno "ustawi" kwenye kipaza sauti ni kutangaza siri ya mtu. Mapokezi waone miadi peke yake, wasifungue jalada. Kuunganisha ofisi hakumpi ofisa wa leseni haki ya kusoma habari za familia, na mfumo wa kompyuta uzuie hilo badala ya kutegemea uungwana. Kwa usalama wako, chumba cha mahojiano kiwe na milango miwili, au angalau kiti chako kiwe karibu na mlango kuliko cha mgeni.

Ofisi ya karibu na kwetu itafungwa. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Nidai nini? – Msomaji

Dai muda na dai njia. Ofisi ya zamani isifungwe siku ileile mpya inapofunguliwa. Miezi mitatu ya kwenda sambamba ni haki ya kuomba. Pia dai ofisa afike eneo lenu kwa siku maalumu za mwezi, na siku hizo ziandikwe kwenye mlango uliofungwa.

Kuhusu jengo, chukua futi kamba. Mteremko unaofaa ni 1 kwa 12: mlango ulioinuka sentimita 45 unahitaji mteremko wa sentimita 540, mrefu kuliko wengi wanavyofikiri. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, na ndani pawe na duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti, chooni pia.

Mahali nako kunahesabika. Tower Hamlets, mashariki mwa London, walipounganisha maktaba na madarasa ya watu wazima katika Idea Store za Bow (2002) na Whitechapel (2005), waliziweka jirani na masoko, mahali watu wanapopita tayari.

Maktaba yetu imepangiwa ghorofa ya pili, na tutagawana bili kwa mita za mraba. Ni sawa? – Mkutubi

Yote mawili yapingeni. Sakafu ya rafu zilizosongamana hupaswa kuhimili mzigo mara mbili hadi tatu ya ule wa ofisi ya kawaida, kwa hiyo mhandisi apime kabla hata katoni moja haijapanda. Chini ni salama zaidi. Na bili kwa mita za mraba itawaumiza ninyi wenye rafu nyingi na watu wachache. Kodi ya jengo igawanywe kwa eneo. Ulinzi, usafi na mapokezi kwa idadi ya wageni wa kila idara. Iandikwe kwenye mkataba kabla ya kuhama, pamoja na nani anashika funguo siku ambayo maktaba imefunguliwa jioni na wengine wameshakwenda.